Walikuja kunitolea mwani wakaniachia balaa kubwa zaidi: uzoefu wangu na mafundi wa tanki hapa Houston

Naandika hii bado nina hasira, mnivumilie. Kama unaishi Houston na una tanki la maji chumvi lenye matumbawe, na mwani umeanza kukusumbua, soma hii kwanza kabla hujampigia simu fundi wa duka. Duka lenyewe silitaji jina, ila wana huduma ya kuja mpaka nyumbani, na wengi tunaofuga samaki huku tunanunua kwao.

Shida yangu ilikuwa ule mwani wa nywele, wa kijani, mrefu, unaota juu ya mawe mpaka jiwe hulioni. Umewazunguka zoa, yale matumbawe laini madogo yanayofunguka kama maua, mpaka wamejifunga hawafunguki. Nang'oa kwa mkono, nasugua kwa mswaki, unarudi. Maji natumia ya RO/DI, yaani yaliyochujwa mpaka yakabaki maji matupu, kwa sababu maji ya bomba ya hapa yanatiwa kloramini, konokono wapo, kangaja yupo, na tafi yule wa njano wanayemwita foxface yupo anachuna mchana kutwa, lakini mwani ule ukishakuwa mrefu hata tafi anaupita tu kama hauoni. Fosfeti, ile chumvi inayolisha mwani, ilikuwa juu, inasoma 0.25 hivi (miligramu kwa lita), na chanzo nakijua, ni mawe, mawe yaliyotoka kwenye tanki la zamani yanakuwa yameinyonya fosfeti miaka yote hiyo halafu yanaiachia polepole.

Basi fundi akaja. Siku ya kwanza kiukweli sina la kumlaumu sana, alikuja kwa wakati, akavua viatu mlangoni, akafunga riakta ndogo, kopo la kupitishia maji, pembeni ya skima, ile mashine ya kutoa uchafu kwa povu, akaijaza GFO. Hizo ni chembe za kahawia za oksidi ya chuma, maji yakipita humo fosfeti inanasa. Dawa nzuri tu, siipingi. Ila aliijaza riakta mpaka juu! Nikamuuliza mbona hupimi, tanki lenyewe siyo kubwa, akanijibu ndivyo tunavyowafanyia wateja wote. Haya.

Na mwani ukaanza kufa kweli. Ukapauka, ukawa unakatika wenyewe, mawe yakaanza kuonekana, zoa wakafungua. Nilifurahi jamani, nilimsifia yule fundi kwa kila mtu, mpaka washkaji wawili nikawapa namba yake na leo naona aibu kukutana nao.

Maana baada ya muda kidogo nikaona mchangani kuna ukoga wa kahawia. Asubuhi haupo, mchana taa zikishakolea unajaa. Ukiuangalia kwa karibu ni nyuzi nyuzi za makamasi, na kila uzi una kiputo cha hewa kwenye ncha. Ukiuvuta kwa mpira unatoka wote, kesho umerudi palepale. Halafu konokono wakaanza kudondoka kwenye kioo. Unamkuta kalala chali, nyama imetoka nje, unamgeuza, anajaribu kushika, anaachia. Wale Trochus kwa kawaida wakianguka wanajigeuza wenyewe, kwa hiyo ukiona Trochus anashindwa kujigeuza ujue kuna tatizo, huenda ni sumu. Nikapima: fosfeti sifuri, nitrati sifuri. Akropora, tumbawe gumu lenye matawi, ikawa inabambuka ngozi kuanzia chini, nyeupe kabisa.

Nikamwita fundi. Akaja, akainama kidogo akatazama, hata dakika haikufika, akasema ni diatomu tu, vile vimwani vidogo vya kahawia visivyo na madhara, wataondoka wenyewe. Nikamwambia ndugu yangu fosfeti ni sifuri, akasema safi, ndiyo tunayoitaka. Halafu, na hapa ndipo damu inaponichemka mpaka leo, akafungua riakta akamwaga GFO ya zamani AKAJAZA MPYA. Mpaka juu tena. Akabadilisha na maji. Akaondoka.

Sasa kwa asiyejua ngoja nieleze kosa liko wapi. Matumbawe yanahitaji fosfeti, kidogo lakini yanahitaji, na wengi tunalenga 0.03 mpaka 0.1, na nitrati 5 mpaka 10. Ukiishusha ghafla mpaka sifuri unaua mwani wa nywele, sawa, lakini umeua pia vile viumbe vidogo vyote vinavyogombania nafasi mchangani, na hapo wanaingia dinoflajelati, dino kwa kifupi, vijidudu vya seli moja, ambao wanaweza kuishi kwenye njaa hiyo kwa sababu baadhi yao wanakula hata bakteria. Na wengine wana sumu, ndiyo inayoua konokono. Hii siyo siri, mtu yeyote anayejiita fundi wa matumbawe anatakiwa aijue.

Nikaenda dukani mwenyewe. Nimebeba mchanga kwenye chupa, picha kwenye simu. Meneja yuko kaunta, macho kwenye kompyuta, hajanyanyua kichwa. Namweleza, ananikatiza: utakuwa unawalisha samaki kupita kiasi. Jamani! Ningekuwa nalisha kupita kiasi nitrati ingesomaje sifuri? Nikamwambia tazama basi hii picha. Hakutazama. Akasema, na watu wamesimama nyuma yangu wanasikia, kwamba hobi hii siyo ya kila mtu, labda ningejaribu samaki wa maji baridi.

Mimi nimezaliwa Tanga. Nimekua naona matumbawe yanapasuliwa kwa baruti, wazee wanarudi na samaki waliovunjika mifupa, na chini ya maji imebaki kifusi. Hilo tanki sebuleni kwangu siyo pambo. Kangaja wangu, yule wa bluu mwenye pezi la njano mgongoni, ni samaki wa bahari ya kwetu, watoto wangu hawajawahi kufika kwetu na wanamjua. Halafu mtu ananiambia bahari siyo yangu? Nilitoka pale natetemeka.

Kwenye parking nikasikia naitwa, "Papa! Papa!", yaani baba. Ni kijana mmoja Mkongo anayepanga mizigo pale, alisikia nikiongea Kiswahili kwenye simu. Akaniambia, "Papa, ile haiko diatomu, iko dino. Utoe ile GFO yote, maji yako iko na njaa." Akachukua ile chupa akaingia nayo stoo, kuna hadubini ya bei rahisi, akaweka tone moja akaniita nichungulie. Nikaviona kwa macho yangu, vidude vyenye ncha upande mmoja, vinazunguka palepale vilipo vimeshikilia ncha hiyo. Akasema ni Ostreopsis, na afadhali hao kwa sababu usiku wanapanda majini, taa ya UV, ile ya miale inayoua vijidudu maji yakipita, inawakamata. Wangekuwa wale wakubwa wa Amphidinium wanajificha mchangani, UV haiwafikii.

Alichoniambia nilifuata hivyohivyo. GFO nje. Kubadilisha maji nikasimamisha. Nikaanza kuongeza nitrati na fosfeti za dozi kidogo kidogo na kupima kila mara mpaka zikashika. UV nikaifunga itoe maji kwenye tanki lenyewe na kuyarudisha humohumo, siyo kule chini kwenye sampu, lile tanki la pili la vifaa, hilo alisisitiza. Ukoga ulipungua, ukaja ukakata. Akropora moja imebaki kipande, nyingine ilikufa yote. Konokono sijui nianze kuhesabu wapi.

Kwa hiyo nyota ngapi? Nilitaka kuwapa sifuri. Halafu nikawaza, yule kijana ni mfanyakazi wao, na bila yeye tanki lote lingekwenda, basi tatu. Na mwani wa nywele kweli uliisha, nisiseme uongo, labda na wao wanastahili haki yao. Lakini hapana. Kijana anapanga maboksi wakati asiyejua tofauti ya diatomu na dino ndiye anaingia majumbani mwa watu na kulipwa kwa saa, hiyo inazidi kunikera, haipunguzi. Yule kijana nimemshukuru mwenyewe kwa mkono wangu. Duka nalipa nyota moja.

Fundi yeyote akija kwako akashika kopo la GFO kabla hajashika kipimo cha fosfeti, mzuie. Anaanza na nusu au chini ya hapo, anapima, anasubiri, anapima tena.

Na leo asubuhi wamenitumia tena bili ya ile safari ya pili, ile ya kujaza mpya. Sijailipa. Nimewajibu meneja aje yeye, asimame mbele ya tanki, aitazame ile picha aliyokataa kuitazama, ndipo tuongee habari ya hela.