Kutoka Mufindi hadi Vipingo: gofu na upepo wa kusi

Sisi tunaocheza gofu katikati ya mashamba ya chai Mufindi tumezoea kusumbuliwa na ukungu. Asubuhi unapiga mpira, unamezwa, unabaki kutega sikio. Upepo tunao pia, lakini mara nyingi miti inaukata. Vipingo Ridge, kule Kenya kati ya Mombasa na Kilifi, hakuna wa kukukatia.

Nilikwenda Agosti, kusi ikiwa imekaza. Safari ni Mafinga, Dar, Tanga, mpaka wa Horohoro, feri ya Likoni, ndipo uikamate barabara ya Malindi. Sitaieleza zaidi, mgongo wangu bado una kinyongo nayo.

Uwanja wenyewe unaitwa Baobab: mashimo 18, par 72 (mipigo ambayo mchezaji hodari hutarajiwa kuumaliza nayo), umesanifiwa na David Jones wa Ireland ya Kaskazini, na Desemba 2019 ulipokea mashindano ya wanawake ya Magical Kenya Ladies Open. Uko juu ya kigongo, Bahari ya Hindi unaiona kule chini, na mibuyu ipo kweli.

Wenzangu wa nyanda za juu, lisikilizeni hili kabla ya kufunga mizigo. Kwetu, karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na mpira unasafiri. Ukishuka pwani hewa inakuwa nzito, unapoteza kama asilimia 6 au 7. Fimbo namba 7 inayokupa mita 150 Mufindi, kule itegemee mita 140, na hapo upepo hatujauhesabu. Ukija usoni, hesabu zote za nyumbani ziweke mfukoni.

Kedi wangu, yaani mbeba mfuko wa fimbo, kijana wa huko huko, aliniona nimeshika namba 7 kama mtu aliye kwao. Akaniambia taratibu, "Mzee wangu, tia namba 5, na usiupige kwa hasira." Namba 5 hupeleka mpira mbali kuliko namba 7, lakini siri iko hapo kwenye hasira. Ukiupiga kwa nguvu dhidi ya upepo, mpira unajizungusha sana kwa nyuma, unapanda, unasimama angani, kisha unadondoka wima kama parachichi. Fimbo ndefu, mkono mtulivu, mpira uende chini chini. Upepo ukiwa mgongoni nao usiushangilie sana: unachokurudishia ni kidogo kuliko ulichonyang'anywa ukiwa usoni, na mpira ukitua kwenye grini, ile nyasi fupi yenye shimo, hausimami.

Wa ubavuni ndio ulionipendeza. Unalenga kushoto, mahali ambapo kwa Mufindi ungeonekana umelewa, halafu unautazama mpira ukirudishwa katikati polepole. Sijui raha ya gofu inayozidi hiyo.

Chukueni nafasi ya alfajiri. Kadiri jua linavyopanda, nchi kavu inapata joto na upepo wa bahari unaingia. Mchana mashimo yale yale yanakuwa na tabia nyingine. Kofia iwe ya kubana. Glavu chukua zaidi ya moja, maana jasho la pwani linailowesha upesi na fimbo inaanza kuteleza. Bei sitaitaja kwa kuwa hubadilika, waulizeni kabla, na mwombeni kedi mzoefu hata kama nyumbani hubeba mfuko wako mwenyewe.

Mimi nimeshaanza kuweka akiba ya Januari, wakati wa kaskazi, upepo unaovuma kinyume na kusi. Mashimo yaliyonipiga usoni Agosti, safari hiyo nitayapiga upepo ukinisukuma.