UFO: kituo cha siri mwezini, makombora matatu tu

UFO ni tamthilia ya Uingereza ya Gerry na Sylvia Anderson, vipindi 26 vya takribani dakika 50 kila kimoja, iliyoanza kurushwa Septemba 1970. Hadithi imewekwa mwaka 1980. Shirika la siri la SHADO linapambana na viumbe wa sayari nyingine wanaokuja duniani kuvuna viungo vya binadamu, na makao yake makuu yamejichimbia chini ya studio ya filamu. Maficho ya werevu: nani atashangaa kuona mtambo wa ajabu ukiingizwa getini?

Ulinzi umepangwa kwa ngazi, na hapo ndipo inaponoga. Setilaiti ya SID inakigundua kisahani, yaani chombo cha viumbe hao, na kutangaza kasi na mwelekeo wake kwa sauti kavu ya mashine. Kule mwezini marubani wanateleza kwenye mabomba hadi ndani ya vyombo vitatu vya Interceptor. Kila kimoja kina kombora moja, kubwa, puani. Rubani akikosa shabaha, arudi tu kituoni. Kijeshi ni upuuzi, na mashabiki wamelicheka sana jambo hilo, lakini kwa mtazamaji linafanya kazi: risasi ni tatu, nawe unazihesabu. Kisahani kikipenya, Sky One inachomoka kutoka nyambizi Skydiver chini ya bahari. Kikitua, magari ya kivita yanapelekwa kwa ndege ya mizigo.

Vyombo hivyo ni mifano midogo iliyosimamiwa na Derek Meddings, na milipuko yake bado inashawishi. Wigi za zambarau za wanawake wa kituoni, hapana.

Uzito wa tamthilia hii uko kwa Kamanda Straker, anayechezwa na Ed Bishop. Siri aliyobeba inamla. Katika "A Question of Priorities" mwanawe amegongwa na gari na anahitaji dawa kutoka Marekani. Straker anaagiza ndege ya SHADO iilete, kisha kisahani kinatua na ndege hiyohiyo inahitajika kwingine. Hawezi kumweleza mama wa mtoto kwa nini dawa imechelewa. Ukiangalia kipindi kimoja tu, angalia hicho.

Kasoro kubwa ni mpangilio. Studio za MGM za Borehamwood zilifungwa mwaka 1970 kazi ikiwa katikati, upigaji ukahamia Pinewood, na baadhi ya waigizaji hawakurejea. Alec Freeman, msaidizi wa Straker, anatoweka kimyakimya. Luteni Ellis wa kituo cha mwezini vilevile. Kanali Lake, aliyeonekana kipindi cha kwanza, anaibuka tena kama aliyekuwepo siku zote. Ukifuata mpangilio wa kurushwa, watu hawa wanaingia na kutoka ovyo. Fuata mpangilio wa utengenezaji: anza na "Identified", malizia na "The Long Sleep". Usikiruke "Exposed", maana ndipo rubani Paul Foster anapoingizwa SHADO. Bila hicho utamwona tu ofisini.

Vipindi vya Pinewood ndivyo vyenye uthubutu zaidi. Katika "Mindbender" Straker anasikia mtu akiamuru kamera zizimwe, anageuka na kukuta ofisi yake ni seti tu, haina ukuta wa nne.

Vyombo na mwezi visikudanganye ukadhani ni ya watoto. "The Long Sleep" ina matumizi ya dawa za kulevya, na ndoa ya Straker inavunjika bila kupakwa sukari katika "Confetti Check A-O.K."