Waya au waifai kwa ofisi ndogo?

Jamani hili swali naulizwa kila siku, mtu ana kompyuta kama nane hivi kwenye ofisi au saibakafe, avute waya au atumie waifai tu? Mimi kwa kompyuta za mezani nasema waya, tena bila kusita. Kebo ya Cat5e (waya wa kawaida wa mtandao) inakupa hadi gigabiti 1 kwa sekunde mpaka mita 100, na ukiweka swichi (kisanduku cha kuunganishia waya za kompyuta zote) kila mashine inapata njia yake yenyewe, kutuma na kupokea kwa wakati mmoja. Waifai sio hivyo, wote mnagawana hewa ileile, mmoja akiongea wengine wanasubiri zamu, ndo maana watu wakijaa spidi inashuka hata kama bando ni kubwa. Alafu kuna kuta. Masafa ya redio ya waifai ya 2.4 GHz yanapenya ukuta vizuri zaidi ila yamejaa, bluetooth iko huko, maikrowevu ya jikoni nayo iko huko, waifai ya jirani nayo humohumo. 5 GHz ina kasi ila haifiki mbali, ukuta wa zege unaipunguza nguvu sana.

Waifai inashinda kwa simu na laptopu, hapo hakuna ubishi, na hutoboi ukuta wa nyumba ya kupanga (mwenye nyumba wengine hawataki kabisa kusikia drili). Ila jamani wekeni paswedi ya WPA2 au WPA3 (aina za ulinzi wa waifai, unazichagua kwenye mipangilio yake), msiache wazi, mnawaweka wateja wenu hatarini.