Pedali za gitaa la roki: ipi inunuliwe kwanza Unguja na Pemba

Mpiga gitaa wa visiwani mara nyingi hamiliki amplifaya anayoipigia. Leo huchomeka waya kwenye amplifaya ya hoteli Nungwi, kesho kwenye miksa ya ukumbi wa harusi, na kila pahala hukuta vifaa tofauti. Kwa hiyo pedali, yaani visanduku vya kukanyaga kwa mguu vinavyobadili sauti ya gitaa kabla haijafika kwenye amplifaya, nimezipanga kwa kigezo kimoja: ipi itakupa sauti ya roki popote utakapofika nayo.

Nafasi ya kwanza naipa pedali ya distoshani, ile inayoifanya sauti ingurume, hasa Boss DS-1, iliyotoka mwaka 1978, au RAT ya Pro Co. Zote mbili hukata vilele vya mawimbi ya sauti, na ukataji huo ndio unaozaa mngurumo, hata kama amplifaya yenyewe ni safi na haina ukali wowote. Tube Screamer ya Ibanez, pedali ya mngurumo laini zaidi, pamoja na sifa zake zote, naishusha hadi nafasi ya nne, kwa sababu uzuri wake hudhihiri inapoisukuma amplifaya ya valvu (ya taa za kioo za kizamani) ambayo tayari imeanza kunguruma, na ya namna hiyo ni nadra kuikuta huku kwetu. Brian May, mpiga gitaa wa bendi ya Queen aliyoiimbia mzaliwa wetu wa Unguja Freddie Mercury, aliisukuma Vox AC30, amplifaya ya valvu, kwa kifaa kidogo cha kuongeza nguvu za sauti za juu. Anayenunua kifaa hicho bila AC30 amenunua nusu ya jambo.

Ya pili ni pedali ya kulinganishia nyuzi. Wengi huidharau kwa kuwa haiongezi sauti yoyote, lakini joto na jasho hulegeza nyuzi katikati ya onyesho, na distoshani huifanya kasoro ndogo ya ulinganifu isikike kubwa zaidi. Ukiikanyaga hunyamazisha gitaa, hivyo hadhira haisikii unavyohangaika.

Ya tatu ni mashine ya athari nyingi, yaani kisanduku kimoja chenye kazi za pedali nyingi, mfano wa Zoom G1X Four au Boss GT-1. Kama wewe hupiga moja kwa moja kwenye miksa, ipandishe iwe ya kwanza bila kusita, kwani huiga pia mlio wa spika ya gitaa. Distoshani isiyopitia spika hiyo huvuma kama nyuki waliofungiwa koponi. Mashine hizo zote mbili hutumia betri nne ndogo za AA, jambo ambalo aliyezoea kukatikiwa na umeme atalithamini.

Dilei, pedali inayorudia sauti kama mwangwi, ni ya tano. Wawa, ile inayoifanya gitaa lilie "wa-wa" unapoinamisha mguu, ni ya mwisho, kwani chumvi na vumbi huingia upesi kwenye kidhibiti chake kinachozunguka kila unapokanyaga.

Bajeti yako iache nafasi ya adapta. Pedali nyingi huhitaji volti 9 zenye hasi katikati ya plagi, ilhali adapta nyingi za vifaa vya nyumbani zina chanya katikati, na kosa hilo linaweza kuiunguza pedali siku hiyo hiyo. Distoshani hula umeme kidogo sana, kwa hiyo betri moja huihudumia kwa saa nyingi. Dilei ya dijitali humaliza betri kama hiyo kwa saa chache tu. Kwenye pedali nyingi, waya wa gitaa ukibaki umechomekwa, betri huendelea kuliwa hata kama taa imezimika, basi uchomoe kabla ya kwenda kulala.

Ukinunua iliyokwishatumika, nenda na gitaa na waya wako mwenyewe. Zungusha kila kitufe polepole: mkwaruzo mdogo huondoka kwa dawa ya kusafishia swichi, lakini sauti inayopotea na kurudi unapoutikisa waya maana yake jeki, tundu la kuchomekea waya, imelegea au imeliwa na kutu. Kisha fungua kifuniko cha betri, na ukikuta ukungu wa kijani kwenye vyuma vya ndani, mrejeshee muuzaji mali yake.