Nilivyopeleka visu vya springi kulainishwa kwenye tanuru (uzoefu wangu)

Wakuu, mimi nakereza vyuma Gerezani, Dar, juzikati nikapata kazi ya visu nane vya mashine ya kukatia majani ya ng'ombe. Nikachukua springi ya lori maana ikizimwa (ipashwe mpaka iive, halafu itumbukizwe kwenye oili ikaze) inashika makali vizuri, shida ni kutoboa, biti inalia tu juu inatoa moshi haiingii, nimeua biti tatu kwa tundu moja.

Kwanza nikafanya ujanja wa kijiweni, nikavipasha kwa gesi mpaka vikaiva rangi ya chungwa nikaviacha sakafuni vipoe. Kosa! Springi nyingi zina kromiamu, bapa jembamba likipoa upesi kwenye sementi linakaza tena, kule pembeni tupa ilikuwa inateleza kama napiga kioo.

Ndo nikapeleka kwa jamaa wenye tanuru la umeme. Kilichonifurahisha, mzee wa pale kabla hata hajavishika akauliza, "Ukishatoboa unavifanya nini?" Nikamwambia navizima tena kwenye oili. Akasema basi hapo ni aniling kamili (kupasha chuma kisha kukipoza polepole sana kilainike), nyuzi 830 hivi, vikiiva mpaka ndani umeme unazimwa na mlango haufunguliwi mpaka kesho. Nilikuwa pia na fremu niliyoichomelea, nikataka iingie humohumo, akagoma, hiyo inataka kama nyuzi 600 tu itoe stresi (mivutano inayobaki ndani ya chuma) za kuchomelea isije ikapinda nikianza kuikereza, ukiifikisha 830 inalegea inajikunja kwa uzito wake yenyewe. Angekuwa mwingine angepiga hela mbilimbili akae kimya.

Matokeo sasa, tundu zote 16 biti moja, nimeinoa mara moja tu, na chuma kinatoka kimejisokota vizuri sio unga.

Lawama zipo. Hawakuvifunika na chochote kuzuia hewa, vimerudi na magamba meusi na ngozi ya juu imepoteza kaboni, ambayo ndo inafanya chuma kikaze kikizimwa, ikabidi nisage karibu nusu milimita kila upande, kama hukuacha nyama ya ziada imekula kwako. Kimoja kimepinda maana walikiegemeza badala ya kukilaza, na nimelipia vyote nane aisee. Afu siku mbili walizosema zikawa nne, kumbe wanasubiri tanuru lijae.

Nitarudi, ila safari hii naenda na boksi langu la chuma na unga wa mkaa, nivifukie humo mwenyewe nifunge kabla sijawakabidhi.