Dirisha la kuangalia tu

Nililala pale usiku mmoja, si zamani, kipindi cha giza ambapo wavuvi wa dagaa wako kazini. Hoteli siitaji jina. Iko upande wa Capri Point, na inajinadi kwamba ukilala kwao umelala ndani ya mazingira asilia.

Niseme ukweli, nilipoingia chumbani nilifurahi kama mtoto. Jiwe kubwa la hapahapa Mwanza wameliacha mahali pake, ukuta ukalifuata. Nje jua kali, nikaweka kiganja: baridi. Nikasema moyoni, hizi nyota tano.

Kisha nikasikia ndege. Wanalia darini, na baada ya muda wanarudia kilio kilekile. Spika! Na nje, juu ya mti, tai wa samaki mwenye kichwa cheupe karudisha shingo nyuma, mdomo wazi, analia. Namwona, simsikii!

Nikatafuta komeo la dirisha. Hakuna. Nikashuka mapokezi. Binti hakuinua hata macho kwenye simu: "Mama, lile dirisha ni la kuangalia tu. Upepo si tumekuwekea AC?"

Mimi mzaliwa wa Ukerewe, niliyebembelezwa na mawimbi tangu nikiwa mgongoni! Neno lile halijanitoka kooni mpaka leo.

Usiku umeme ukakatika. Jenereta linawasha mapokezi peke yake. Ndege wakanyamaza, AC ikazima, na lile jiwe, ambalo mgongo wake ulishinda juani, likaanza kutema joto ndani. Aliyekulia kwenye mawe ya Mwanza anajua hilo, ndiyo maana usiku tunafungua madirisha.

Nikatoka na shuka langu. Mlinzi, mzee wa watu, aliitikia shikamoo yangu akanipa kiti chake karibu na maji. Upepo wa usiku ulikuwa unatoka nchi kavu kwenda ziwani, unanipitia shingoni. Maji yanalamba mawe. Mbali kule, taa za dagaa zimejipanga kama mtaa. Nikalala.

Kwa hiyo nyota moja, na ni ya mzee yule. Hapana, jiwe nalo lina haki yake: mbili. Ila nikimkumbuka yule tai nyuma ya kioo, naiondoa tena.

Toeni kile kioo. Kama mnaogopa wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama moshi, wekeni wavu. Mkimaliza niambieni, nimlete mama yangu.