Brooks Adrenaline GTS 23 kwa sisi ambao mguu unalalia ndani kidogo tu

Kama mguu wako unalalia ndani kidogo, sio wale ambao kifundo kinazama kabisa, hii raba inakutosha na usikubali kuuziwa kitu kigumu na kizito zaidi ya hapo. Ndo msimamo wangu, najua watu wa Kayano, ile raba ya ASICS yenye msaada mwingi zaidi wa kuzuia mguu usilale, watakuja, karibuni.

Kwanza tuelewane kitu kimoja. Kila mguu unalala ndani kidogo ukikanyaga, ndo namna mwili unavyopunguza kishindo, ovapronesheni ni pale inapozidi, na ile ya kuzidi kidogo wako nayo watu kibao wanakimbia miaka na miaka wala ugoko hauwaumi. Halafu acheni kujipima kwa kisigino cha raba ya zamani, wengi wetu tunatua na kisigino upande wa nje kwa hiyo pale patalika tu hata kama mguu unalala, we angalia mbele, chini ya dole gumba pameliwa kuliko upande wa kidole kidogo? Au mwambie mwenzio akurekodi kwa simu kutoka nyuma, slomosheni, uone kifundo kinafanyaje.

Sasa raba yenyewe. Adrenaline za zamani zilikuwa na kipande cha sponji ngumu upande wa ndani, kazi yake kuuzuia mguu usidondokee huko, wengine tulikuwa tunakisikia kama kijiwe chini ya unyayo. Kuanzia GTS 19 wakakitoa wakaweka wanachoita GuideRails, yaani kingo za sponji ngumu kidogo pande zote mbili za kisigino. Mguu ukikaa sawa huzisikii kabisa, ukichoka ukaanza kulala ndo unaziegemea. Mimi nazisikia nikiwa narudi na daraja la Tanzanite hapa Dar toka upande wa hospitali ya Aga Khan, pale ambapo miguu ishachoka na jua lishaanza kupanda, zile kilomita za mwanzo ni raba ya kawaida tu. Hapo ndo nilipoipendea.

Ila sio kiatu cha spidi, jamani. Ya kiume ni kama gramu 286 na kisigino kiko juu ya vidole kwa milimita 12, ambayo ni nyingi kwa raba za siku hizi, mwenye kigimbi kinachokaza atashukuru, aliyezoea raba za chini ataona kama kavaa mchuchumio. Kwa intavo, yale mazoezi ya kukimbia kasi kwa vipande vifupi, natumia nyingine.

Na kuna jambo wauzaji hawasemi. Mwaka 2014 Wadenmaki walitoa utafiti wao wa watu 927 wanaoanza kukimbia, wote kwenye raba za kawaida zisizo na msaada wowote, wakawafuatilia mwaka mzima, waliolaza mguu ndani hawakuumia zaidi ya wengine. Miaka miwili baadaye ukatoka wa Luxembourg wa wakimbiaji 372, huo ukaonesha raba zenye msaada ziliwasaidia hasa hao wanaolaza mguu. Kwa hiyo zinaweza kusaidia, ila ukiambiwa bila raba ya msaada goti litakufa, huyo anatafuta hela yako.

Bei ilitoka dola 140, piga hesabu ni laki tatu na nusu hivi kabla ya usafiri, najua inauma. Ndo maana wengi tunaishia soko la Karume kwenye mtumba na sioni ubaya, ila kwa mguu kama wetu mtumba una mtego wake: soli inakuwa ishalala kufuata mguu wa mwenye nayo wa kwanza. Iweke juu ya meza, chuchumaa uiangalie kwa nyuma, kisigino kikiinamia ndani iache hata kama juu inang'aa, maana hapo unanunua ovapronesheni ya mtu mwingine unajumlisha na yako. Halafu bonyeza sponji kwa dole gumba, ikiwa ngumu kama ubao au ina mikunjo mikunjo pembeni basi ishakufa, raba huwa inadumu kilomita 500 hadi 800 tu na muuzaji ameifua vizuri ili usijue.

Ukipata duka lenye Adrenaline na Ghost pamoja, Ghost ni kama pacha wake asiye na zile kingo, nenda jioni miguu ikiwa imevimba kidogo, vaa moja kila mguu uzunguke mle ndani, toka nje ukimbie hata mita chache kama wanaruhusu, halafu badilisha miguu. Ukiona Ghost ndo inakaa vizuri, chukua Ghost, wala usimsikilize mtu. Na mwenye mguu mpana aulizie 2E, yaani ile yenye upana zaidi, ipo, usiongeze saizi.